Baa ya Nyuma ya Kituo

Mkuu wa kitengo cha mafaili ya zamani aliingia bila hodi, akaiweka picha mezani kwa Inspekta na kugonga kona yake kwa kidole.

"Hongera," alisema. "Umemfunga mtu wako mara ya pili."

Inspekta hakuiangalia. Wiki nzima alikuwa akiiangalia hiyo hiyo. Ilionyesha baraza ya baa, nguzo zake nyembamba za chuma, na mmea mnene wa kutambaa uliotanda juu yake badala ya dari. Wanaume watatu walikuwa wamesimama mbele wakicheka. Kushoto kwao ngazi za mawe zilipanda kuelekea mtaa wa juu. Kulia, kwa mbali, kilionekana kilima chenye tangi la maji mgongoni. Hapakuwa na kibao wala neno lolote lililoandikwa.

Mwanamume wa katikati, mwenye madoa ya rangi suruali nzima, ndiye aliyekuwa na kesi. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, na watu wakamwita hivyo hivyo, Rangi. Alikwenda na jina hilo gerezani akiwa kijana na akatoka nalo akiwa mzee.

"Umepapata?" Inspekta aliuliza.

"Mtaa wa reli. Nimepita mwenyewe asubuhi. Ngazi ziko kushoto, tangi liko kulia. Palipokuwa na baa sasa ni ghala la saruji." Mkuu alivuta kiti akakaa. "Na mwalimu aliuawa mtaa gani?"

"Wa reli."

"Basi."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Siku jua lilipopatwa, mtaa mzima wa reli ulitoka nje kutazama angani. Mwanga ulipofifia, jirani mmoja alisikia mtu akipiga kelele, na jua liliporudi, mwalimu wa shule ya msingi alikutwa jikoni kwake amekufa, amepigwa na kitu kizito kichwani. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa amegombana na jirani yake Rangi kwa ajili ya ukuta. Rangi alikamatwa jioni ile ile. Alisema alikuwa upande wa pili wa mji, kwenye baa iliyo nyuma ya kituo kikuu cha polisi, na kwamba mpiga picha mmoja wa kutembea aliwapiga picha pale wakati jua linafifia. Sajenti aliyepeleleza aliiambia mahakama kwamba mpiga picha hakupatikana, na baa hiyo ilikuwa imebomolewa miezi kadhaa kabla ili kupanua ua wa kituo. Rangi akahukumiwa kifungo cha maisha.

Picha ilikuwa imeletwa na binti yake, muuguzi wa hospitali, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. Alikuwa ametafuta studio zilizokufa na warithi wa wapiga picha waliokufa, hadi mjane mmoja akamfungulia sanduku la filamu za marehemu mumewe. Alichagua filamu moja akaipeleka kusafishwa.

Siku yenyewe haikuwa na ubishi. Ukutani, nyuma ya wale wanaume watatu, mwanga uliopenya kwenye majani ulikuwa umeanguka vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na umbo la mwezi mwandamo. Jua likipatwa, matundu madogo ya majani huchora jua lenyewe lilivyomegwa. Mhadhiri wa fizikia alilithibitisha hilo kwa simu kabla Inspekta hajamaliza kumweleza. Kwa hiyo Rangi alikuwa kwenye baa ya pichani saa ile ile mwalimu alipouawa. Kilichobaki ni kujua baa yenyewe ilikuwa wapi. Kama ilikuwa nyuma ya kituo, asingeweza kuua. Kama ilikuwa mtaa wa reli, alikuwa mlango wa tatu kutoka jikoni kwa mwalimu.

"Andika ripoti," Mkuu alisema, "na huyo binti umwambie kwa upole."

"Nitakwenda kwanza nikaone."

"Nimeshaona mimi."

"Ndiyo, Mkuu. Nitakwenda nikaone."

Mtaa wa reli ulikuwa kama Mkuu alivyosema. Ngazi zilikuwepo, zimelika katikati kwa nyayo. Tangi lilikuwepo. Ghala la saruji lilikaa mahali ambapo picha ilitaka baa ikae. Inspekta alizunguka ghala, akapiga picha zake, kisha akauliza nyumba kwa nyumba hadi akaelekezwa kwa bibi mmoja aliyewahi kuwa mhudumu wa baa pale ujanani.

Bibi alikuwa akianika nguo. Alikausha mikono kwenye khanga, akaishika picha mbali na macho, halafu karibu, halafu mbali tena.

"Hapa si kwetu," alisema.

"Una uhakika, bibi? Ngazi si ndizo hizi?"

"Ngazi ni ngazi. Sisi baraza yetu ilikuwa ya mbao, mjukuu wangu. Mbao zilizooza, mlevi akiegemea anakwenda nayo chini. Chuma tungekitoa wapi?"

"Na huu mti uliotambaa juu?"

"Tulikuwa na bati. Mvua ikinyesha hata kuagiza bia huwezi, hakuna anayekusikia." Alirudisha picha. "Huyu wa katikati namjua lakini. Huyu si yule Rangi?"

"Ndiye. Alikuwa anakuja kwenu?"

"Hakuwahi. Mwenye baa alimkataza. Alipaka baa nzima kijani, tulikuwa tumesema bluu, wakakosana."

Inspekta aliandika hayo neno kwa neno na kurudi ofisini. Mkuu alisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Ajuza wa miaka themanini," alisema. "Wakili atamla mzima mzima."

"Amekumbuka rangi ya ukuta."

"Na asubuhi amekumbuka kuvaa viatu? Ngazi ziko kushoto, tangi liko kulia. Mji huu una tangi moja juu ya kilima kimoja. Nitajie mtaa mwingine wenye mpangilio huo, nami nitakusikiliza."

Mkuu alipoondoka, Inspekta alitoa kioo cha kukuzia akaanza picha upya, kutoka pembe moja hadi nyingine kama mtu anayechagua mchele. Alipita viatu, mikanda, chupa. Kwenye ukingo wa picha, nyuma ya mwanamume wa mwisho, palikuwa na mkono wa mtu wa nne aliyekatwa na fremu. Ulikuwa umeshika kipande cha kioo cheusi cha kutazamia jua. Mkono wa shati ulikuwa na mistari mitatu ya V. Hilo alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza na kuliandika: *sajenti, hajulikani*.

Alirudi kwenye mashati. Yote matatu yalikuwa na mfuko mmoja kifuani, na yote matatu mfuko ulikuwa upande wa kulia wa mvaaji.

Aliacha kioo. Askari wa zamu alikuwa anapita na faili kwapani.

"Simama hapo," Inspekta alimwambia. "Mfuko wako uko upande gani?"

Askari aliinamisha kichwa kujitazama. "Kushoto, Afande."

"Na vifungo?"

"Viko… upande wa kulia. Matundu ndiyo kushoto."

"Nenda."

Inspekta alishika blauzi yake mwenyewe. Vifungo vilikuwa kushoto, matundu kulia, kama mashati ya kike yanavyoshonwa. Alirudi kwenye picha. Wanaume wale watatu walikuwa wamefunga vifungo kama yeye.

Alichukua funguo za gari na kwenda moja kwa moja kwenye duka la picha lililoisafisha filamu. Kijana wa kaunta aliitoa filamu kwenye bahasha, akaiweka juu ya kisanduku cha taa na kuigeuza mara mbili.

"Namba za pembeni zinasomekaje ulivyoiweka sasa?" Inspekta aliuliza.

"Vizuri."

"Na picha uliyomsafishia yule dada, ilikuwa hivyo?"

Kijana aliinua picha na kuilinganisha na filamu.

"Iliingia kinyume, dada. Filamu za zamani hizi, mtu akizitia bila kuangalia namba…"

"Aliitia nani?"

"Mimi."

"Nisafishie upya. Na uniandikie hayo uliyoniambia, chini uweke sahihi."

Picha mpya ilitoka ikiwa bado na unyevu. Ngazi zilikuwa kulia. Kilima kilikuwa kushoto, bega lake refu likishuka kuelekea pembeni, na tangi limekaa juu ya bega hilo. Inspekta alikijua kilima hicho. Alikuwa akikitazama kila siku akinywa chai.

Alirudi ofisini, akasimama dirishani na kuinua picha mbele ya uso, kisha akaishusha polepole. Mstari wa kilima kwenye karatasi uliungana na mstari wa kilima kwenye kioo. Chini yake kulikuwa na ua wa kituo, magari ya doria yamepangwa safu mbili, na kwenye kona ya kulia palikuwa na rundo la matairi mabovu yaliyoegemea ukuta.

Alishuka. Aliita askari wawili na kuwaambia waondoe matairi. Nyuma yake ukuta ulikuwa umejengwa kwa matofali mapya kuliko ya sehemu nyingine, na chini yalitokeza mawe ya ngazi, manne, la tano likiwa limezama nusu ndani ya matofali. Inspekta aliinama na kufagia zege kwa mkono. Hatua chache kutoka kwenye ngazi alikuta duara la chuma lenye kutu, upana wa kikombe, limekatwa usawa wa ardhi. Mbele yake kulikuwa na jingine. Gari la doria lilikuwa limekanyaga la tatu.

"Sogeza gari," alisema.

Mkuu aliteremka akiwa na kikombe mkononi. Aliangalia maduara, akaangalia picha, akahesabu nguzo kimoyomoyo huku midomo ikicheza.

"Miaka yote hii," alisema, "tunaegesha juu yake."

"Sajenti aliapa ilikuwa imebomolewa kabla ya siku ile."

"Labda alikosea tarehe."

"Alikuwa anafanya kazi hapa hapa, Mkuu. Angetoka mlango wa nyuma angeiona."

Mkuu alimwaga chai iliyobaki juu ya zege. "Unakwenda kwake?"

"Leo."

"Alikufundisha kazi yule."

"Ndiyo."

Sajenti alistaafu akiwa na cheo kikubwa kuliko hicho, lakini mtaani waliendelea kumwita Sajenti naye hakuwahi kuwasahihisha. Alimpokea Inspekta sebuleni, akamwita mwanangu, akamwambia mkewe alete chai. Inspekta aliweka simu mezani.

"Mzee, ninarekodi. Ni kuhusu faili la Rangi."

"Rekodi tu. Sina siri." Alicheka kidogo. "Huyo si alishatoka?"

"Alitoka. Baa aliyoitaja, unaikumbuka?"

"Ilibomolewa. Nilishasema mahakamani."

"Lini?"

"Kabla. Walikuwa wanapanua ua."

Inspekta aliweka picha mbele yake. Sajenti hakuigusa. Mkewe aliingia na sinia, akalitua, akamtazama mumewe usoni na kutoka bila kumimina chai.

"Hii ni siku gani?" Sajenti aliuliza.

"Angalia ukutani, Mzee. Hivyo vipande vya mwanga."

Aliangalia. Taya lake lilisogea kana kwamba anatafuna.

"Picha inaweza kuwa ya popote."

"Nguzo zimekatwa chini ya magari yetu. Nimepima leo. Ngazi ziko nyuma ya matairi. Nilikuwa na askari wawili na Mkuu." Inspekta alisogeza kidole hadi ukingoni mwa picha. "Huyu mwenye mistari mitatu ni nani?"

"Masajenti walikuwa wengi."

"Siku ile zamuni alikuwa mmoja."

Nje mkewe alikuwa anafungua bomba, akalifunga, akalifungua tena.

"Zima hiyo," Sajenti alisema, akionyesha simu kwa kidevu.

"Haizimwi, Mzee. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

"Nilikufundisha mengi."

"Ulinifundisha nianze na mahali. Mtu atadanganya saa, atadanganya sababu, lakini mahali hapaongopi. Nimeanza na mahali."

Sajenti alichukua picha sasa, akaisogeza karibu na uso. Alipoongea aliongea na picha.

"Zamu nzima ilikuwa pale. Kituoni tulimwacha kuruta mmoja. Jua linapatwa, nani angekaa ndani? Simu ya mtaa wa reli ilipigwa, kuruta akaja mbio kuniambia, nikamwambia asubiri kidogo, mwanga urudi. Tulipofika kule mwalimu alikuwa bado ana joto. Jirani alisema alimsikia akilia muda mrefu. Unaelewa? Muda mrefu. Tungefika."

"Na Rangi?"

"Alikuwa anapaka dari ya ndani ya ile baa. Alishuka kwenye ngazi yake kutazama na sisi."

"Hicho kioo ulichoshika…"

"Ni chake. Alikipaka masizi mwenyewe. Alinipa, akasema, 'Afande, bila hiki utapofuka.'"

"Halafu?"

"Halafu jioni wote mtaa wa reli wakamtaja yeye. Aligombana na marehemu, ukuta, matusi. Akataja baa. Nikiandika baa ilikuwa wazi, wakili atauliza nani mwingine alikuwepo. Wangejua kwa nini tulichelewa." Alirudisha picha mezani, kifudifudi. "Nilikuwa napanda cheo mwezi ule, mwanangu."

"Ukaibomoa lini?"

"Wiki iliyofuata. Amri ilikuwepo muda mrefu. Niliiharakisha tu."

"Wengine kwenye zamu?"

"Nani angesema? Wote walikuwa na glasi mkononi."

Inspekta alichukua simu na picha. Sajenti hakuinuka kumsindikiza. Mlangoni mkewe alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo, na Inspekta alipomuaga hakuitikia.

Alasiri ile alikwenda kwa binti wa Rangi. Muuguzi alikuwa ametoka kazini, bado na viatu vyeupe, watoto wake wawili wakiandika kazi ya shule mezani. Aliwaambia wakacheze nje. Alikaa, akaunganisha magoti, akasikiliza bila kuuliza chochote: filamu iliyogeuzwa, nguzo, ngazi, Sajenti na kioo chake. Inspekta alipofika mwisho alisita.

"Kuna kikwazo," alisema. "Baba yako alikiri."

"Najua."

"Mbele ya bodi ya msamaha. Aliandika kwamba aliua na kwamba anajuta. Wanasheria wataishikilia karatasi hiyo. Tutapambana nayo, lakini itachukua muda."

"Bila kukiri hawamtoi mtu. Walimwambia hivyo." Binti alikuwa anavua kiatu kimoja, akaacha katikati. "Mama alikuwa mgonjwa. Baba alitaka kutoka amwone. Akaandika. Gereza likatutumia nakala nyumbani, mama akaisoma. Hakwenda tena kumtembelea. Alikufa kabla baba hajatoka, na alituambia asije makaburini."

Binti alimaliza kuvua viatu, kimoja kikaanguka mbali na mwenzake.

"Kwa hiyo hakuua," binti alisema.

"Hakuua."

"Una uhakika. Si kwamba hakuna ushahidi. Hakuua."

Inspekta alimtazama. "Nilidhani hilo ulikuwa unalijua. Si wewe uliyetafuta picha?"

"Niliitafuta ili nijue ninaishi na nani." Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, sauti ya wodini. "Nilimchukua kwa sababu ni baba yangu na hana pa kwenda. Lakini kila siku nikilala, chumba cha watoto nakifunga kwa ufunguo, ufunguo naulalia."

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo. Rangi alisukuma akatoka, mzee mrefu aliyepinda, ameshika ukuta kwa kiganja kama anaukagua. Haikujulikana amesimama pale tangu lini.

"Naisikiaga hiyo kufuli," alisema. "Nilikuwa najiambia mtaa huu una wezi."

Binti alisimama. Mzee alimpita taratibu, akakaa kwenye kiti alichokiacha yeye, akamgeukia Inspekta.

"Mama, nimesikia ulivyosema, na nashukuru. Niambie kitu kimoja. Mwalimu aliuawa na nani?"

"Hatujui, baba."

"Mnamshuku nani?"

"Hakuna. Walipokupata wewe hawakumtafuta mwingine."

Rangi alitikisa kichwa polepole, kisha akaokota kile kiatu cheupe sakafuni na kukiweka vizuri karibu na mwenzake.

"Basi endelea kufunga," alimwambia binti yake. "Aliyeua bado yuko nje."